Istilahi za Chumba cha Paani na Samani za Mtoto

Utangulizi

Miongoni mwa mambo yanayomtaabisha mfasiri wa Kiswahili ni vile vitu vilivyomo katika nyumba za watu wengine na visivyokuwamo katika nyumba zetu, au vilivyomo kwetu lakini kwa sura na kazi nyingine. Jina la kitu cha namna hiyo halikosekani kwa sababu lugha ni maskini. Hukosekana kwa sababu wenye lugha hawajapata haja ya kukitaja. Siku haja itokeapo, mfasiri huwa na njia tatu mbele yake: kulichukua neno la kigeni kama lilivyo, kulifasiri kipande kwa kipande, au kurudi nyumbani akatazame kama hakuna neno la zamani linaloweza kupewa kazi mpya.

Katika makala hii tunakusudia kuzitazama njia hizo kwa kutumia mfano wa chumba kimoja tu, yaani chumba kidogo cha kulala mtoto kilichotengenezwa ndani ya paa la nyumba, ambacho dari yake haikulala sawasawa bali inateremka pamoja na paa mpaka karibu na sakafu. Vyumba vya namna hii ni vingi katika Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na nchi za Skandinavia. Mapaa ya huko hujengwa kwa mwinamo mkali ili mvua na theluji viteremke upesi, na kwa kuwa ardhi ya mijini ni ghali, watu wameona ni hasara kuiacha nafasi hiyo ya juu ikaliwe na vumbi na masanduku.

Wasomaji wengine watauliza: chumba hicho kinatuhusu nini sisi? Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wasemaji wa Kiswahili wanaoishi katika nchi hizo hupanga nyumba zenye vyumba hivyo na kuwalaza watoto wao humo. Nao wafasiri huletewa maelezo ya kuunga vitanda na makabati pamoja na maonyo ya usalama wa watoto ili wayaweke katika Kiswahili. Pili, walimu na wafasiri wa vitabu hukutana na chumba hiki katika hadithi za watoto. Katika Heidi, hadithi ya Johanna Spyri iliyotoka katika sehemu mbili mwaka 1880 na 1881, mtoto hulala juu penye majani makavu, chini ya paa la nyumba ya babu yake mlimani. Katika A Little Princess ya Frances Hodgson Burnett, iliyotoka mwaka 1905, msichana Sara aliyekuwa tajiri hushushwa cheo kwa kupandishwa juu, akapewa chumba cha paani kisicho na moto wa kuota. Mwanafunzi asiyejua chumba hicho kikoje hawezi kuelewa kwa nini kupandishwa ghorofani kuwe ni adhabu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Maelezo ya kitanda cha mtoto yakifasiriwa vibaya, anayeumia si mfasiri wala mzazi aliyeyasoma, bali ni yule mtoto aliyelala.

Neno «dari» na matatizo yake

Neno ambalo kila mfasiri hulikimbilia ni dari, nalo ni neno zuri, lakini limebeba mizigo mitatu kwa pamoja. Maana yake ya kwanza ni upande wa juu wa chumba kwa ndani, ule autazamao mtu aliyelala chali. Mafundi wa siku hizi huuita silingi, na vibao vyake huviita silingibodi. Maana ya pili ni ile nafasi iliyo kati ya vibao hivyo na paa, panapowekwa vitu visivyotumika kila siku, na panapokimbiana panya usiku. Maana ya tatu, ambayo husikika zaidi katika miji ya kale ya pwani, ni sehemu ya juu ya nyumba ya ghorofa. Mtu aliyeko orofani husemwa kuwa yuko juu darini.

Katika mazungumzo maana hizi hazigombani, maana msemaji na msikilizaji wote wawili wanaijua nyumba inayosemwa. Katika maandishi mambo ni mengine. Tuchukue sentensi kama hii: «Mtoto asilale darini.» Msomaji mmoja ataelewa kwamba mtoto asilazwe katika nafasi isiyo na sakafu iliyo juu ya silingibodi, na hilo ni onyo la haki, kwani vibao hivyo havikuwekwa ili vikanyagwe. Msomaji mwingine ataelewa kwamba mtoto asilazwe katika ghorofa ya juu kabisa, naye atamhamisha mtoto wake kutoka chumba kizuri na salama. Aliyeandika sentensi ni mmoja, lakini maagizo yamekuwa mawili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya kiufundi na ya kiserikali neno dari libaki na maana ya kwanza tu. Nafasi ya kuhifadhia vitu iitwe darini, kwa kuwa ndivyo watu wengi wasemavyo tayari. Sehemu ya juu ya nyumba iitwe ghorofa au orofa. Na chumba ambacho mtu hukaa au hulala, ambacho dari yake ni upande wa ndani wa paa lenyewe, kiitwe chumba cha paani. Hapa tumelitumia neno dari katika ngeli ya i-/zi-, ingawa tunajua kwamba wengi husema «dari la». Hilo halibadili hoja.

Majina ambayo tayari tunayo

Mfasiri akishalitengeneza neno dari, atakutana na sehemu nyingine za chumba. Hapo ndipo inapodhihirika faida ya kwenda kwa mafundi wa zamani kabla ya kwenda kwenye kamusi za kigeni. Nyumba ya makuti ina mapaa ya kuteremka, nayo kila sehemu yake ina jina. Upande mmoja wa mteremko huitwa kipaa: kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma. Miti mirefu inayolibeba paa ni makombamoyo. Mti uliolazwa juu ya ukuta ili kuyapokea makombamoyo huitwa mtambaapanya, jina ambalo peke yake ni maelezo kamili, kwani hiyo ndiyo njia ya panya wa darini. Mafundi wa mabati na vigae nao wanalo neno kenchi kwa lile fremu zima la mbao linalobeba paa. Basi hakuna sababu ya kuandika «upande mmoja wa paa lililoinama» ilhali tunalo neno kipaa.

Dari ya chumba cha paani hufuata kipaa. Tumeona baadhi ya wafasiri wakiandika «dari ya mteremko». Neno mteremko linafaa kwa barabara au kilima, mahali mtu anapoteremka kwa miguu. Kwa kitu kilichokatwa au kuwekwa upande, Kiswahili kina mshazari na hanamu. Tunapendekeza dari ya mshazari, na kwa kipimo cha jinsi dari ilivyolala, mwinamo: dari ya mshazari yenye mwinamo wa nyuzi 45.

Mahali ambapo dari ya mshazari inakaribia sakafu, mjenzi huweka ukuta mdogo wima, wenye kimo cha mita moja hivi au pungufu, ili pembe ile nyembamba isiyofaa kitu ifichwe. Waingereza na Wajerumani wote huutaja ukuta huo kwa jina la goti. Mfasiri akiandika «ukuta wa goti» atakuwa amefasiri maneno bila kufasiri kitu, kwani Mswahili akisikia ukuta wa goti atafikiri ni ukuta wa kupigia magoti. Sisi tunalo neno kiambaza, yaani ukuta mwembamba, aghalabu usiobeba uzito mkubwa. Tunapendekeza kiambaza cha paani.

Na ile nafasi iliyofichwa nyuma ya kiambaza, au iliyo wazi chini ya dari mahali mtu mzima asipoweza kusimama, iitweje? Kila Mswahili anaijua nafasi ya namna hiyo, kwa kuwa analo jina la nafasi iliyo chini ya kitanda: uvungu. Basi hii na iwe uvungu wa paa. Jina hili linatuletea na mafunzo yake, kwani mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hiyo ndiyo kanuni nzima ya kupanga samani katika chumba cha paani: vitu vinavyotakiwa kwa kuinama viwekwe panapoinamika, na pale panaposimamika paachiwe watu.

Wenzetu nao waliyapata majina yao kwa njia za ajabu zaidi. Wafaransa huita chumba cha paani mansarde, kutokana na jina la François Mansart, mjenzi aliyeishi kati ya 1598 na 1666, aliyeyapa sifa mapaa yenye miinamo miwili, wa chini mkali na wa juu wa taratibu, ingawa hakuwa wa kwanza kuyajenga. Kadhalika Wafaransa wengi huliita dirisha lililolazwa ndani ya kipaa kwa jina la kampuni ya Denmark iliyoanzishwa na Villum Kann Rasmussen mwaka 1941, VELUX, jina lililoungwa kutokana na neno la kuingiza hewa na neno la Kilatini la nuru. Sisi pia tumewahi kufanya hivyo tulipoita dawa yo yote ya viatu kiwi. Lakini katika lugha ya serikali na ya shule si vyema kulifanya jina la biashara ya mtu kuwa jina la kitu. Tunapendekeza dirisha la kipaa kwa lile lililolala pamoja na paa. Kwa lile linalochomoza kutoka paani likiwa na kuta zake ndogo na paa lake dogo, kama kibanda kilichopandishwa juu ya nyumba, tunapendekeza dirisha la kibanda.

Kimo ndicho kipimo

Katika chumba cha kawaida, mtu anayenunua samani hupima urefu na upana wa sakafu. Katika chumba cha paani vipimo hivyo viwili humdanganya. Kipimo cha tatu, yaani kimo, ndicho kinachoamua. Hata sheria za nchi hizo zimekiri jambo hili. Katika Ufaransa, sheria ya mwaka 1996 iitwayo kwa jina la Carrez huagiza kwamba sehemu za nyumba zinazouzwa katika majengo ya wamiliki wengi zisihesabiwe katika eneo ikiwa kimo chake hakifiki mita 1.80. Katika Ujerumani, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2004 huhesabu kwa ukamilifu eneo lenye kimo cha mita 2 na zaidi, huhesabu nusu ya eneo lenye kimo cha kati ya mita 1 na mita 2, na haihesabu kabisa eneo lililo chini ya mita 1.

Hebu tupige hesabu. Tuseme chumba kina urefu wa mita 3 na upana wa mita 4, viambaza vyake viwili vina kimo cha sentimita 90, na dari zake zina mwinamo wa nyuzi 45. Kwa mwinamo huo, kila sentimita moja ukisogea kutoka kiambazani, dari hupanda sentimita moja. Sakafu yote ni mita za mraba 12. Kwa hesabu ya Kijerumani, ukanda wa katikati wenye upana wa mita 1.8 huhesabiwa wote, yaani mita za mraba 5.4, kanda mbili za ubavuni, kila moja ya upana wa mita 1, huhesabiwa nusu, yaani mita za mraba 3, na vipande vya sentimita 10 vilivyo kando kabisa havihesabiwi. Jumla ni mita za mraba 8.4. Kwa kipimo cha Kifaransa cha mita 1.80, chumba kile kile kitakuwa na mita za mraba 6.6.

Hapa mfasiri asipokuwa mwangalifu ataandika neno moja, «eneo», kwa vitu viwili vilivyo mbalimbali, na mpangaji atadhani amedhulumiwa au amependelewa. Tunapendekeza eneo la sakafu kwa kipimo cha chini, na eneo la kukalika kwa kile kipimo ambacho sheria inakitambua baada ya kuzingatia kimo. Na kile kimo ambacho mtu aweza kusimama bila kuinamisha kichwa kiitwe kimo cha kusimama.

Kitanda na sehemu zake

Chombo kikubwa katika chumba cha mtoto ni kitanda, na maelezo ya kukiunga hutaja sehemu zake moja moja. Wafasiri wengi huandika «mbao za pembeni», «mbao za mbele» na «miguu», ilhali Kiswahili cha maseremala kina maneno yake: mguu wa kitanda ni tendegu, ubao mrefu wa ubavuni ni mfumbati, ubao wa kichwani au miguuni ni kitakizo, mbao zinazobeba godoro ni chaga, na upande wa kulaza kichwa ni mchago. Mzazi anayesoma «funga mfumbati kwenye tendegu la mchagoni kwa parafujo mbili» hana la kubahatisha.

Kitanda chenye upana wa sentimita 90 hufaa kulazwa sambamba na kiambaza, chini ya dari ya mshazari, kwa kuwa kulala hakuhitaji kimo kikubwa. Lakini mtoto hakai amelala tu. Huketi kitandani akasoma, na huinuka ghafla usiku. Katika chumba tulichokitolea mfano, katikati ya kitanda ni sentimita 45 kutoka kiambazani, na hapo dari ina kimo cha sentimita 135. Ikiwa godoro liko sentimita 40 juu ya sakafu, zinabaki sentimita 95, nazo zinamtosha mtoto wa miaka kumi aketi wima. Mwinamo ukiwa wa nyuzi 30 tu, dari hapo itakuwa na kimo cha sentimita 116, na juu ya godoro zitabaki sentimita 76. Mtoto ataketi leo kwa shida, na mwaka ujao atagonga kichwa. Katika hali hiyo ama kitanda kisogezwe kuelekea katikati, ama kitafutwe kitanda cha matendegu mafupi. Mchago nao uelekezwe kwenye ukuta wa mwisho wenye umbo la pembetatu, ambako dari haiteremki juu ya uso wa mtoto. Ukuta huo tusiuite kisusi, maana kisusi ni sehemu ya paa na ukuta huu umesimama.

Kitanda cha deka, kama waitavyo wanafunzi wa shule za bweni, hakifai chini ya dari ya mshazari. Wa juu atakosa nafasi ya kuketi, na akijigonga ataanguka kutoka mbali. Kanuni za Marekani na za Ulaya zakubaliana kwamba kitanda cha juu si cha mtoto aliye chini ya miaka 6. Kanuni za Marekani zaagiza pia kwamba ukingo wa kitanda cha juu upande juu ya uso wa godoro kwa inchi 5 angalau, yaani sentimita 12.7, hata likitumika godoro nene kuliko yote yanayoruhusiwa kwa kitanda hicho.

Tunawaomba wafasiri wakitazame sana kifungu hiki. Akitokea mfasiri akaandika kwamba ukingo uwe «inchi 5 juu ya kitanda», seremala au mzazi aweza kupima kutoka kwenye chaga. Akiisha kuweka godoro la sentimita 15, uso wa godoro utakuwa juu ya ukingo kwa zaidi ya sentimita 2. Ukingo utakuwapo, utaonekana, na hautamzuia mtu. Tofauti kati ya «juu ya kitanda» na «juu ya uso wa godoro» ni neno moja katika karatasi. Kwa aliyelala juu ni tofauti ya kuanguka na kutoanguka.

Makabati, saraka na vidaka

Kabati refu la nguo haliingii chini ya dari ya mshazari, na likisimamishwa katikati ya chumba hula nafasi yote ya kutembea. Kwa hiyo vyumba vya paani hutumia makabati mafupi yenye visanduku vya kuvuta. Hapa istilahi zetu zina kichekesho chake. Jina la kawaida la kisanduku hicho ni mtoto wa meza. Jina hilo linapendeza mezani, lakini likiingia katika maonyo ya usalama wa watoto linaleta sentensi kama «mtoto asipande juu ya watoto wa meza», na msomaji hucheka mahali asipopaswa kucheka. Tena kisanduku hiki si cha meza bali ni cha kabati. Lipo neno saraka, ambalo kamusi zetu zinalijua, na lipo droo, ambalo limeenea madukani. Tunapendekeza saraka katika maandishi rasmi, bila kumkataza mtu kusema droo nyumbani kwake.

Onyo lenyewe ni zito. Mtoto mdogo huvuta saraka zote akazifanya ngazi. Uzito huhamia mbele, na kabati humwangukia. Vifo vilivyotokana na ajali za namna hii ndivyo vilivyosababisha Marekani kutunga sheria mwezi wa Desemba 2022, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2023 makabati ya nguo yanayotengenezwa kwa ajili ya soko la huko yanatakiwa yapimwe uimara wake kabla ya kuuzwa. Maelezo ya makabati hayo humtaka mnunuzi alifunge kabati ukutani. Katika chumba cha paani agizo hilo lina nyongeza: kiambaza aghalabu ni kibao cha jipsamu tu, na parafujo iliyopigwa kwenye jipsamu hung'oka upesi. Sharti ipigwe kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma yake. Basi mfasiri asiandike «funga ukutani» akatosheka, aandike «funga kwenye nguzo ya mbao iliyo nyuma ya kiambaza.»

Dawa nyingine ya nafasi ndogo ni kukitoboa kiambaza na kuweka rafu ndani ya uvungu wa paa, zisichomoze chumbani. Wapo wafasiri ambao wameita nafasi hizo «rafu zilizozamishwa». Wangalifika Lamu wasingalihangaika. Nyumba za mawe za huko, katika mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zina kuta zilizojaa vidaka vilivyonakshiwa, vya kuwekea vyombo na vitabu. Nazo zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti hizo ukavifanya vyumba viwe vyembamba, vya upana usiozidi mita tatu hivi. Wazee hao walikuwa na shida ile ile ya mwenye chumba cha paani: chumba chembamba na vyombo vingi, nao wakavitia vyombo ndani ya ukuta. Neno kidaka lina haki zote za kutumika hapa: vidaka vya vitabu, vidaka vya vitu vya kuchezea.

Ikiwa uvungu wa paa umetiwa milango midogo, milango hiyo isiwe na komeo la nje peke yake, maana mtoto ataingia humo kucheza, naye hana budi kuweza kutoka. Na masanduku ya magurudumu huvutika kwa urahisi kutoka uvunguni kuliko rafu za ndani sana.

Dirisha, joto na moto

Chini ya dirisha la kipaa pasiwekwe kitanda, kabati fupi wala kiti ambacho mtoto aweza kukipanda akalifikia komeo. Kamba za mapazia zisiachwe zikining'inia kama vitanzi, kwani zimewahi kuwanyonga watoto wadogo. Joto la kiangazi hukusanyika chini ya paa, na baridi ya kipupwe hupita papo hapo. Kwa sababu hiyo kati ya makombamoyo hutiwa kihami joto. Kitanda na makabati yaachiwe sentimita chache kutoka kwenye ukuta wa baridi ili hewa ipite, unyevu usije ukafanya ukungu.

Kuhusu moto, kanuni za ujenzi za England zinataka kwamba nyumba yenye sakafu ya juu iliyozidi mita 4.5 kutoka ardhini iwe na njia ya ngazi iliyokingwa na moto mpaka mlango wa nje, pamoja na vyombo vya kutambua moshi. Chombo hicho wengine wamekiita king'amuzi. Lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na kile kisanduku cha televisheni, na mpangaji akiambiwa asizime king'amuzi hatafikiria moshi. Tunapendekeza kitambua moshi.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Chumba cha paani: chumba cha kukaa au kulala ambacho dari yake ni upande wa ndani wa paa.
Darini: nafasi ya kuhifadhia vitu kati ya dari na paa, isiyo ya kukaliwa na watu.
Dari ya mshazari: dari inayofuata mwinamo wa paa.
Mwinamo: kipimo cha kulala kwa paa au dari, kwa nyuzi.
Kipaa: upande mmoja wa paa la kuteremka.
Kiambaza cha paani: ukuta mfupi wima kati ya sakafu na dari ya mshazari.
Uvungu wa paa: nafasi ya chini ya dari ya mshazari au nyuma ya kiambaza, isiyo na kimo cha kusimama.
Kimo cha kusimama: kimo kinachomwezesha mtu kusimama wima.
Eneo la kukalika: sehemu ya eneo la sakafu inayotambuliwa na sheria kwa kuzingatia kimo.
Dirisha la kipaa: dirisha lililolazwa ndani ya kipaa.
Dirisha la kibanda: dirisha wima linalochomoza paani, lenye paa lake dogo.
Ukingo wa kitanda: kizuizi cha ubavuni, kinachopimwa kutoka uso wa godoro.
Saraka: kisanduku cha kuvuta cha kabati au meza.
Kidaka: nafasi ya kuwekea vitu iliyo ndani ya ukuta.
Kitambua moshi: chombo kinachopiga kelele kikikuta moshi.

Hitimisho

Wasomaji wataona kwamba katika istilahi 15 tulizozitaja, hakuna hata moja iliyotulazimu kuchukua neno jipya la kigeni kwa ajili ya chumba hiki. Hatusemi kwamba kukopa ni kosa. Parafujo na jipsamu pia ziliingia kwa mlango huo, nazo zinafanya kazi yake. Tunachosema ni kwamba mfasiri aulize kwanza kwa seremala, kwa mwezekaji na kwa mwenye nyumba ya kale, ndipo aende kukopa kwa jirani.

Mapendekezo haya hayajawa sanifu. Tunajua kwamba kiambaza katika sehemu nyingine ni ukuta wo wote wa udongo, na kwamba wako watakaoona kidaka ni neno la Lamu na si la bara. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watuandikie maneno yatumikayo kwao kwa vitu hivi, hasa majina ya sehemu za kitanda na za paa, pamoja na mahali yanapotumika, ili yalinganishwe kabla uamuzi haujatolewa. Wakati huo huo, ye yote aliye na maelezo ya kitanda cha mtoto mezani pake hivi sasa asingoje uamuzi huo: akitazame tena kifungu cha ukingo, na ahakikishe kimeandikwa «juu ya uso wa godoro».